Maji Yasiyosikia Jogoo

Kazi ya Nemesio Tuz ilikuwa kuogopesha watu, na aliifanya kwa heshima zote. Kila asubuhi alivaa fulana ya bluu ya kampuni, akatundika kitambulisho shingoni, akasimama kwenye ngazi za senote, kile kisima kikubwa cha pangoni ambacho kijiji kizima cha Tixkuyul kilikunywa maji yake kabla mabomba hayajaja. Wageni walimzunguka wakiwa wamejipaka mafuta ya kukinga jua mpaka waking'aa kama sahani iliyolambwa. Hapo Nemesio alishusha sauti.

Aliwaambia kwamba chini ya maji wanaishi alushi, watu wadogo wasiozidi goti, walinzi wa mashamba na mapango. Ukiwalisha wanakulindia mahindi. Ukiwasahau wanakuja taratibu, bila haraka, wanakushika hapa. Akifika kwenye "hapa" aliinama na kumgusa mgeni aliye karibu kwenye kifundo cha mguu. Mgeni alipiga yowe, wenzake wakacheka, na wote wakashuka kununua soda. Walilipa ili waogope, wakaogopa kwa furaha, na hakuna aliyedai kurudishiwa pesa.

Jambo ambalo hakuna mgeni aliyelijua, na ambalo mkewe Mirna alilijua kwa miaka kumi na mbili, ni kwamba Nemesio mwenyewe alilala kwenye bembea yake ya kulalia amejikunja kama uduvi. Hakuthubutu kuuacha mguu mmoja uning'inie nje.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Juni ilipita, Julai ikaingia kavu, majani ya mahindi yakajisokota kama sigara. Wanaume wakakutana kwenye ukumbi wa kijiji kupanga maombi ya mvua, na Don Teodulo Poot, mganga wa mvua, akasimama kwa taabu. Alikuwa mzee mwenye magoti mabovu, hasira za karibu na simu iliyopiga muziki wa dansi kila alipotaka kuwa mtakatifu. Aliizima, akakohoa, akaeleza tatizo.

Maombi yalitaka maji safi. Hakumaanisha maji yaliyochemshwa. Alimaanisha maji ambayo hayajaguswa na mtu, yanayotoka mahali ambapo hata jogoo hawezi kusikika akiwika. Zamani yalichotwa kwenye senote kubwa, pembeni kabisa. Sasa senote kubwa ina ngazi za chuma, majaketi ya kuokolea na wageni mia moja kwa siku. Walihamia senote ndogo, na mwaka jana kampuni ikaikodi nayo, ikaweka kamba ya kuteleza. Limebaki pango moja tu upande wa mashariki, ambalo watu waliliita Pango Bila Jogoo. Mtu mmoja ataingia, peke yake, na kurudi na kibuyu.

Wanaume wakaanza kuchunguza viatu vyao.

Ndipo Crescencio Noh alipojikuna shavu. Crescencio alikuwa rafiki wa Nemesio tangu utotoni, na kwenye maombi yeye ndiye aliyeigiza Chaak, bwana wa mvua, kwa panga la mti na kibuyu cha kutingisha. "Aende Nemesio," alisema. "Kila siku anawasimulia wageni lile pango kama sebule ya mama yake."

Wanaume walicheka, wakainua mikono, na kura ikapita. Nemesio alicheka kuliko wote, ili mtu asione kwamba anaogopa.

Kila mtu ukumbini alijua pia sheria iliyobaki, lakini Don Teodulo aliisema kwa sababu ilikuwa kazi yake kuisema. Maji yakiwa ya uongo, radi haimtafuti aliyedanganya. Inamtafuta aliye karibu na madhabahu. Hakuhitaji kutoa mfano, kwani mfano ulikuwa umekaa mstari wa pili. Miaka thelathini na moja iliyopita, mzee mmoja mvivu alileta maji ya tangi la kanisa. Radi ikapiga mguu mmoja wa madhabahu. Mzee yule hakuguswa hata unywele, aliishi mpaka miaka tisini akila vizuri. Mtoto aliyefungwa kwenye mguu ule wa madhabahu, kama watoto wanavyofungwa kila maombi, alikuwa Crescencio, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halikusikia kitu. Nemesio alikuwa amezoea kutembea kulia kwake bila hata kufikiri.

Nyumbani Mirna alipewa habari akiwa anakanda unga wa mahindi. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye maombi wala pangoni, lakini safari hii kijiji kilikuwa kimekubali wageni sita wa kampuni watazame nyuma ya kamba, kwa kuwa kampuni iliahidi paa jipya la shule.

"Kwa hiyo mvua inawataka wageni ila mimi hainitaki," Mirna alisema. "Sawa. Nenda shujaa wangu, kawasalimie alushi. Usisahau kujikunja."

Siku ya maombi Nemesio alitoka jua halijachomoza, kibuyu begani na taa ya kichwani ya kampuni. Alifika pangoni kukipambazuka. Mdomo wa pango ulikuwa tundu tu kati ya mawe, pana kiasi cha mtu mwembamba, na mizizi ya mti ilishuka ndani kama kamba. Alirusha kokoto. Kokoto iligonga, ikagonga, ikanyamaza. Kisha kutoka ndani kikaja kitu kama pumzi, cha baridi, kikamgusa uso na kurudi. Kikaja tena.

Mapango hupumua, Nemesio aliwaambia wageni hivyo kila siku, ni hewa tu inayotafuta njia. Aliukumbuka ufafanuzi huo vizuri sana alipokuwa tayari amekimbia hatua mia mbili.

Hakurudi. Alikaa juu ya jiwe mpaka moyo ukatulia, kisha miguu yake ikachukua njia ya kijijini bila kumuuliza. Senote kubwa ilikuwa haijafunguliwa. Alipita chini ya kamba, akaenda pembeni kabisa ambako waogeleaji hawafiki, akazamisha kibuyu. Maji ni maji, alijiambia. Huko chini ni mto mmoja, kila mtu anajua, mapango yote yameshikana mikono. Akaziba kibuyu kwa majani, akaenda zake. Njiani jogoo wa jirani aliwika mara tatu, na kila mara Nemesio alikikumbatia kibuyu kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Madhabahu ilikuwa imejengwa kwenye shamba la Crescencio, mashariki ya kijiji, dakika ishirini kutoka pangoni. Ilikuwa meza ya fito iliyofungwa kwa kambaa, yenye matao ya majani mabichi, na juu yake mikate ya mahindi ya tabaka kumi na tatu iliyokuwa imetoka kwenye shimo la kuokea ikiwa ya moto, kuku wa mchuzi mzito, na vibuyu vya pombe ya asali. Moshi wa ubani ulienda moja kwa moja juu, maana hapakuwa na upepo hata kidogo. Nyuma ya kamba walisimama wageni sita, wanaume peke yao, wake zao wameachwa senote. Pamoja nao alikuwepo meneja wa kampuni, Bwana Arjona, kijana mpole mwenye viatu vyeupe. Alikuwa ameuliza kwa adabu kama maombi yanaweza kufupishwa kidogo, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa saa saba. Don Teodulo akamjibu kwa adabu ileile kwamba atamuuliza Chaak.

Nemesio alikabidhi kibuyu. Don Teodulo alikiweka katikati ya madhabahu na kumshukuru. Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Kisha wakaletwa vyura. Kila maombi yana watoto wanne wa kiume, mmoja kwa kila mguu wa madhabahu, wanafungwa ukambaa kwenye kifundo na kulia kama vyura wanaoita mvua. Watatu Nemesio aliwatarajia. Wa nne angekuwa mtoto wa fundi baiskeli, lakini asubuhi ile alikuwa ameamka na matumbwitumbwi, mashavu kama maboga, na Mirna, kwa moyo wake mwema, alikuwa amemtoa wake. Wilberth, miaka saba, mtoto wa pekee wa Nemesio, alikuja akirukaruka, akajikunyata kwenye mguu wa mashariki na kumpungia baba yake mkono. Wakamfunga.

Nemesio alipiga hatua moja mbele, akasimama. Aliutazama ule mguu wa mashariki, akamtazama Crescencio akilijaribu panga lake la mti, akatazama sikio lake la kushoto. Ulikuwa mguu uleule.

Bado anga lilikuwa jeupe. Nemesio aliomba, pengine mtu pekee shambani, mvua isije kabisa.

Don Teodulo akaanza kuomba kwa sauti ya chini, ndefu, kama nyuki ndani ya gogo. Vyura walilia. Crescencio alizunguka akitingisha kibuyu na kupunga panga, na wageni wakainua simu zao. Kwenye mzunguko wa nne upepo ukaja. Moshi wa ubani ulilala chini ghafla. Upande wa mashariki, juu ya msitu, lilikuwa limesimama wingu jeusi ambalo hakuna aliyeliona likija, na ndani yake kitu kikajivuta, kikanguruma. Hakikuwa kibuyu cha Crescencio. Crescencio mwenyewe alisimama na kugeuza sikio lake zima.

Watu walitabasamu. Wageni walinong'ona kwa furaha. Don Teodulo akafungua kibuyu, akamimina maji kwenye bakuli jeupe la udongo, akachukua tawi la kunyunyizia. Nemesio, aliyekuwa amesimama karibu, aliona juu ya maji yale utando mwembamba wa rangi, kijani na waridi na dhahabu, ukizunguka taratibu. Yalikuwa mafuta ya wageni ya kukinga jua. Yalikuwa yamefika mpaka pembeni kabisa.

Radi ya pili ilipiga, karibu zaidi. Wilberth alicheka na kulia kama chura kwa nguvu zote, akidhani anapongezwa.

"Don Teodulo, acha," Nemesio alisema.

Mzee hakuacha. Tawi lilikuwa limeshagusa maji.

"Acha, baba. Hayo si maji ya pangoni. Niliogopa. Nimeyachota senote, pale wanapoogelea."

Alisema kwa sauti, mbele ya wote. Panga la mti lilishuka. Vyura wakanyamaza mmoja mmoja. Nyuma ya kamba wageni, ambao hawakuelewa neno ila waliona wazi kwamba ni sehemu nzuri ya mchezo, wakapiga makofi.

Don Teodulo aliyatazama maji kwa muda, akaona rangi ile. Hakufoka. Laiti angefoka. Alimwaga bakuli mbali na madhabahu, akalipangusa, akalirudisha tupu.

Nemesio alikuwa tayari amepiga magoti, vidole vyake kwenye fundo la ukambaa.

"Chura hafunguliwi kabla ya maji," mzee alisema. "Chaak ameitwa na anakuja. Akikuta mguu mtupu atauliza nani ameondoka. Mimi sikuzuii, wewe ni baba yake, kata. Ila mguu huo hautabaki mtupu. Sema wewe tumfunge mtoto wa nani."

Nemesio alitazama nyuso za wanaume wenzake. Kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani, na hakuna aliyeangalia viatu vyake safari hii. Crescencio alikuja akachuchumaa kando ya Wilberth, upande wa kushoto wa mtoto, baina yake na wingu.

"Kimbia, ndugu yangu," alisema. "Mimi niko hapa. Hili sikio limeshalipwa, wakitaka wachukue la pili."

"Baba, nenda tu," Wilberth alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Nitalia polepole ili radi isinisikie."

Alikimbia. Dakika ishirini za njia alizikata nusu, miiba ikimchana fulana ya kampuni, ngurumo zikimfuata mgongoni. Mara moja alifikiri anasikia vyura wale wakilia nyuma yake, mara nyingine akafikiri wamenyamaza, na hiyo ya pili ndiyo iliyomwongezea miguu.

Pango lilipumua usoni mwake. Safari hii hakutupa kokoto. Alikamata mizizi akashuka.

Ndani kulikuwa na baridi ya jiko lisilowashwa moto kwa miaka. Taa ya kichwani ilionyesha mteremko, kisha sakafu, kisha bwawa dogo lililotulia kama kioo. Nemesio alishusha pumzi, akainama na kibuyu, na mkono wake ukaganda hewani. Juu ya jiwe, hapo hapo kando ya maji, kulikuwa na mshale wa rangi ya chungwa. Chini yake namba saba. Kwenye tope, alama za buti. Ndani ya bwawa, kifuniko cha chupa kikielea kwa amani.

Watu wa kampuni walikuwa wameshafika. Walikuwa wamepima.

Akajua hapohapo nani aliyewaonyesha njia. Machi, wageni wawili wastaarabu wenye vyombo vya kupimia walimsifu sana kwa hadithi zake, wakamwomba awaambie pango hilo liko wapi hasa, na yeye, kwa kunogewa, akawaambia: mti mkubwa, kushoto, mawe matatu, mizizi. Hakuingia nao. Mdomo wake uliingia peke yake.

Hakuna maji safi tena duniani, aliwaza, na Wilberth amefungwa. Alitaka kuketi alie. Badala yake alisikia tone.

Lilitoka mbali, nyuma ya bwawa, ambako dari lilishuka mpaka likabaki pengo la kutambaa kwa tumbo. Mshale haukuelekeza huko. Buti hazikwenda huko, mwenye akili hakwenda huko. Nemesio alilala chini akajiingiza, kibuyu mbele, mawe yakimkwaruza mgongo, na kwa muda ambao hakuweza kuupima hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Alitoa pumzi yote. Akapita.

Upande wa pili mawe yalining'inia kwa maelfu, yote yamelowa, yote yakimetameta kwenye taa. Tone lilidondoka tena, na hakuweza kujua ni kutoka kwa lipi. Aliangaza huku, likadondoka kule. Juu ya kichwa chake ardhi nzima ikatetemeka kwa radi.

Macho hayakumsaidia kitu. Basi akafanya jambo ambalo asubuhi ile asingelifanya hata kwa kupewa senote na ngazi zake. Alizima taa.

Giza lilimjaa mpaka kinywani. Alinyoosha mkono mbele, kiganja wazi, akasogea kidogo kidogo akifuata sauti, mpaka tone likamwangukia katikati ya kiganja, baridi kama sarafu. Akaweka kibuyu hapo. Tone. Halikuwahi kugusa ardhi, mtu, wala ndoo. Tone lingine. Kibuyu kilitaka angalau kina cha vidole vitatu, na matone hayakuwa na habari kwamba juu kuna dhoruba.

Hapo ndipo kitu kilipomshika kifundo cha mguu.

Hakikuvuta. Kilishika tu, taratibu, bila haraka. Kilikuwa kidogo, kikavu na baridi. Sauti yake yote, ile ya kuwatisha watu mia kwa siku, ilikauka. Miguu yake ilitaka kuruka. Lakini akiruka, kibuyu kitamwagika, na kibuyu kilikuwa na kina cha kidole kimoja.

"Niwieni radhi," alinong'ona gizani. "Najua nimeleta watu. Tutazungumza. Ila subirini kwanza, mwanangu amefungwa."

Tone. Tone. Alihesabu matone kwa sababu kuhesabu kulimzuia kupiga yowe, na alipofika mia nne na tisa, kile kitu kikamwachia, kimoja kimoja, kama vidole.

Alisubiri maji yatimie vidole vitatu, na hakuwasha taa mpaka alipokuwa ameshapita pengo.

Aliporudi shambani wingu lilikuwa juu ya madhabahu kama kifuniko cha chungu. Wageni walikuwa wamekimbilia kwenye basi, Bwana Arjona wa kwanza, viatu vyeupe mkononi. Wanakijiji hawakuwa wameondoka hata mmoja. Crescencio alikuwa bado amechuchumaa palepale, na vyura wanne walilia kwa sauti zilizokauka, Wilberth polepole kuliko wote.

Don Teodulo alinusa kibuyu. Akamwaga ndani ya bakuli, akatazama, na maji hayakuwa na rangi yoyote.

"Yametoka wapi?"

"Hayajatoka popote. Yameanguka ndani ya kibuyu."

"Yamesikia jogoo?"

"Yamenisikia mimi nikiomba radhi. Basi."

Mzee alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Alinyunyiza mashariki kwanza, juu ya kichwa cha Wilberth, kisha pembe nyingine tatu, akakata kambaa. Nemesio alimbeba mwanawe akiwa bado anakoroma kama chura, na walikuwa hawajafika kwenye ukingo wa shamba mvua ilipoteremka. Radi ikapiga nyuma yao. Hawakugeuka. Kesho yake mguu wa mashariki wa madhabahu ulikutwa umepasuka kutoka juu hadi chini, mweusi, na ukambaa uliokatwa umeungua karibu yake.

Mkutanoni Nemesio alisema yote, mshale, buti, Machi na mdomo wake. Alipigwa faini ya siku kumi za kufyeka njia, na alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuikubali. Kampuni iliandikiwa barua kwamba pango halikodishwi. Crescencio na wengine watatu walishuka kuukwangua ule mshale. Paa la shule bado linangojewa.

Usiku ule wa mvua Wilberth alikuwa akimtazama baba yake akivua viatu.

"Baba, hii nini?"

Kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na madoa mekundu manne, madogo, yamepangana.

"Mwiba."

"Miiba minne?"

Nemesio alivuta soksi juu. Madoa yalichukua siku tisa kufifia. Siku hizi bado anasimama kwenye ngazi za senote na fulana yake ya bluu, amevaa soksi ndefu hata kwenye joto la Agosti. Anawaeleza wageni kina cha maji na jinsi ya kufunga jaketi. Wakimwomba hadithi ya alushi, anawaambia waulize soda ni bei gani.